Mchoro Nao Husomwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho ya kutazama na akili ya kuyazingatia tunayoyatazama. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Alhamisi iliyopita, darsa ya kina mama ilipokwisha na wenzake wakatawanyika, dada mmoja alibaki ameketi kwenye mkeka. Alikuwa na daftari alilolifunika kwa mtandio wake. Alipolifunua, tuliona ukurasa uliochanwa vipande viwili kisha ukagandishwa kwa utepe. Ulikuwa mchoro wa moyo wa binadamu: vyumba vinne, valvu zake, na mshipa mkubwa uendao mwilini. Damu iliyotoka mapafuni ilitiwa rangi nyekundu, na ile irudiyo kutoka mwilini ikatiwa buluu. Aliyeuchora ni binti yake wa Gredi ya 7. Aliyeuchana ni babu yake mtoto, mzee tunayemheshimu sote, ambaye alimwambia mjukuu kwamba wachora picha wana hesabu nzito Siku ya Kiyama.

“Sheikh,” alisema dada yetu, “mwalimu ataka kazi hii Jumatatu. Mimi sitaki kumvunjia mzee heshima yake, wala sitaki mtoto apate sufuri. Niambie, binti yangu ana dhambi? Na kama hana, hiyo picha yenyewe ina faida gani? Si aandike tu kwa maneno?”

Maswali ni mawili. La kwanza ni la fikihi, nalo tutalijibu hapa chini inshallah. La pili tumeona tulitangulize, kwa sababu hukumu ya jambo hutazama maslahi na madhara yake, na hayo hayajulikani kabla jambo lenyewe halijajulikana. Tumeona pia tuliandike jawabu hapa badala ya kumnong’oneza dada yetu peke yake, maana daftari kama lile limo katika nyumba nyingi.

Mistari ya Mtume (s.a.w.)

Amepokea Imam Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Mas’ud (r.a.) kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) alichora umbo la pembe nne. Katikati yake akapiga mstari uliotokeza nje ya umbo hilo, na ubavuni mwa mstari huo akachora vijistari vidogo vidogo. Kisha akawafafanulia masahaba maana yake: mwanadamu yumo ndani, na lile umbo ni muda wake wa kuishi uliomzunguka pande zote, mstari uliotoka nje ni matumaini yake ambayo huupita umri wake, na vile vijistari ni misiba ya dunia, kikimkosa kimoja humpata kingine.

Tulizingatie jambo hili. Mtume wetu alikuwa mfasaha kuliko Waarabu wote, na lau angetaka, maneno yangemtosha. Lakini hapa palikuwa na mambo matatu ambayo maana yake imo katika mahali pake: lipi li ndani, lipi li nje, na lipi li kando. Mambo ya namna hiyo jicho huyapata mara moja, ilhali sikio huyakusanya kidogo kidogo na mengine huyaangusha njiani.

Ndivyo ilivyo kwa moyo wa yule binti. Tujaribu kuueleza kwa maneno matupu: damu huingia chumba cha juu cha kulia, hushuka chumba cha chini cha kulia, husukumwa mapafuni, hurudi chumba cha juu cha kushoto, hushuka chumba cha chini cha kushoto, kisha husukumwa mwilini. Wasomaji wengi watakuwa wamepotea kabla ya kufika mapafuni. Mtoto mwenye mchoro huifuata safari ile kwa kidole, na akifika mwisho huweza kumfundisha mdogo wake.

Wanavyuoni waliochora

Wako wanaodhani kwamba kuchora kwa ajili ya elimu ni mtindo uliotujia na shule za wakoloni. Historia yasema vingine. Mnamo mwaka 964 hivi, Abdurrahman al-Sufi alitunga kitabu chake cha nyota zisizohama. Ndani yake yamo makundi 48 ya nyota, na kila kundi alilichora mara mbili: kwanza kama linavyoonekana na aliyesimama ardhini akiinua macho, na pili kama linavyoonekana kwenye tufe la mbingu, ambapo kulia huwa kushoto. Kwa nini ajitaabishe mara mbili? Kwa sababu alijua kwamba wasomaji wake ni wa aina mbili, mwenye tufe mezani na aliyetoka nje usiku, naye hakutaka yeyote kati yao apotezwe na picha iliyogeuka.

Kule Cordoba, Andalusia, tabibu Abulqasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, alimalizia kitabu chake cha juzuu 30 kwa juzuu ya upasuaji, akatia michoro ya vifaa vinavyokaribia 200: visu, koleo, sindano na ndoana. Mwanafunzi aliye mbali naye, ambaye hakuwahi kumwona akifanya kazi, aliweza kumwendea mhunzi na kumwonyesha umbo la kifaa anachokitaka. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na madaktari wa Ulaya wakakitegemea kwa karne nyingi.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo takriban mwaka 1040, aliandika juu ya nuru na namna jicho linavyoona. Katika nakala ya kitabu chake iliyoandikwa mwaka 1083, ambayo imehifadhiwa Istanbul, umo mchoro wa macho mawili na mishipa yake ya fahamu inavyokutana kuelekea kwenye ubongo. Na mwaka 1206, Ismail al-Jazari wa Diyarbakir alikamilisha kitabu cha mitambo 50, miongoni mwayo mitambo ya kummiminia mtu maji ya kutawadha. Kila mtambo aliuchorea picha ya rangi, na sehemu zake akazitia herufi ili maelezo na picha viitane.

Hawa wote walikuwa watu wa kalamu, na lugha yao ilikuwa pana. Hawakuchora kwa upungufu wa maneno. Walichora kwa kumhurumia msomaji.

Vijistari vyeusi vya London

Mfano mwingine twauchukua Uingereza, kwa kuwa unahusu maradhi ambayo sisi wa pwani twayajua: kipindupindu. Mwaka 1854 maradhi hayo yaliingia mtaa wa Soho, London, yakaua watu zaidi ya 600. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa yenye uvundo. Daktari John Snow alishuku maji. Alipita akiuliza kila aliyefariki alikuwa akiteka wapi, na wengi wao walikuwa wakitumia pampu moja ya Broad Street. Septemba 8 wakuu wa mtaa waliuondoa mpini wa pampu ile kwa ushauri wake. Ni haki tuseme kwamba kufikia siku hiyo vifo vilikuwa vimekwisha kuanza kupungua, na watu wengi walifumkanya wakahama mtaa.

Mwaka uliofuata Snow alichapisha ramani. Mbele ya kila nyumba alichora kijistari kimoja cheusi kwa kila aliyekufa. Mtu hakuhitaji kuwa daktari ili kuona kwamba vijistari vimerundikana kuizunguka pampu ile, na kwamba kila unapoikaribia pampu nyingine vinapungua. Hata palipokuwa na nyumba ya maskini yenye wakaazi zaidi ya 500, jirani kabisa na pampu hiyo, walifariki watu 5 tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake.

Palikuwa na kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, ambaye hakukubaliana na Snow. Aliazimia kumpinga, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza watu aliowajua kwa majina. Uchunguzi wake ukamrudisha upande wa Snow. Ni yeye aliyegundua kwamba mtoto mchanga katika nyumba nambari 40 aliugua kabla ya wengine, na maji ambamo mama yake aliloweka nepi zake yalimwagwa katika shimo la uchafu lililokuwa futi chache tu kutoka kwenye kisima cha pampu. Twalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Mama akimwaga maji ya nepi asidhani ni jambo dogo. Na sisi watu wa dini tukipinga jambo la elimu, tupinge kama kasisi yule, kwa kwenda kuuliza, na tuwe tayari kurudi tukiwa tumekubali.

Miaka michache baadaye, mwaka 1858, Bi Florence Nightingale aliyewauguza askari katika vita vya Crimea alichapisha mchoro wa duara uliogawanyika vipande mithili ya ua. Kila kipande kilikuwa mwezi mmoja. Buluu ilikuwa vifo vya maradhi yanayozuilika, nyekundu vifo vya majeraha. Buluu iliifunika nyekundu. Wakubwa ambao wangeweza kulala juu ya majedwali ya tarakimu hawakuweza kujifanya kwamba hawakuiona rangi.

Bi mkubwa na bango

Sasa tusije tukamfanya dada yetu adhani kwamba kila picha inafundisha. Tuna kisa chetu wenyewe, nacho hatukisimulii kwa fahari.

Miaka kadhaa iliyopita kijiji kimoja cha pwani yetu kilipatwa na maradhi ya kuhara. Mabango yaliletwa, nasi tukapewa moja tulitundike msikitini. Lilikuwa zuri, lina rangi, na halina maneno mengi. Lilionyesha picha tatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Ya kushoto: sufuria ya maji jikoni, yanachemka. Ya kati: mkono ukimimina unga wa ORS katika jagi la maji yaliyopoa. Ya kulia: mtoto akinywa kikombeni. Tulilisifu juu ya mimbari baada ya swala ya Ijumaa, tukasema hata asiyesoma ataelewa.

Palikuwa na bi mkubwa mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wa miaka miwili. Alisoma chuoni tangu utotoni. Qur’ani aliisoma bila kutatizika, na barua aliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Herufi za kizungu hakufundishwa kamwe. Mjukuu alipoanza kuhara, bi mkubwa aliyakumbuka maneno yetu, akaja akalitazama bango, akalisoma kama alivyosoma kila kitu maishani mwake: kuanzia kulia. Akampa mtoto maji kikombeni. Akamimina unga katika jagi. Kisha akayatia maji yale ya dawa katika sufuria, akayachemsha.

Yaliyochemka yakapungua, na chumvi ikabaki humo humo. Muuguzi aliyeitwa jioni aliyaonja, akayamwaga. Mtoto alikimbizwa hospitali usiku ule, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu alipona. Bi mkubwa aliomba msamaha kwa kila aliyekuja kumjulia hali, ilhali hakuwa na kosa. Alisoma sawasawa. Waliokosa ni waliochora bila kuuliza nani atasoma, na sisi tuliosifu bila kutazama vyema.

Siku hiyo tulijifunza kwamba mchoro nao husomwa, na kila msomaji huja na alifu yake. Tuliketi na muuguzi yule tukalichora upya kwa kalamu ya wino. Picha tulizipanga kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa Kiarabu na Kiswahili cha shule hutofautiana kulia na kushoto, lakini vyote huanzia juu. Pembeni tukatia vitone: kimoja, viwili, vitatu. Chini tukachora jagi la dawa juu ya moto, tukalipiga mkato mkubwa. Kabla ya kulitundika tulimpelekea bi mkubwa, tukamwomba atwambie limesema nini. Alipotusomea sawa, ndipo tukatafuta gundi.

Konzi ya sukari guru

Waislamu wenzetu wa Bangladesh wametupa somo kubwa katika jambo hili hili. Kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC, lililoasisiwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, lilituma wanawake nyumba kwa nyumba vijijini kuwafundisha kina mama dawa ya kuhara. Vijiko vya kipimo havikuwamo katika kila nyumba, lakini mikono ilikuwamo. Wakafundisha kwa mkono: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na maji ya kadiri ya nusu lita. Mwalimu alionyesha, kisha mama akatengeneza mwenyewe mbele yake. Baadaye mtu mwingine alikuja kumpima yule mama kama angali anakumbuka, na ujira wa mwalimu ukategemea jawabu la mama. Katika muda wa miaka kumi walizifikia nyumba zaidi ya milioni 12.

Katika mpango ule, mkono wa mama ndio uliokuwa mchoro, na kipimo cha ufundi kilikuwa kimoja: mama ameelewa? Uzuri wa karatasi haukuulizwa. Nasi yatupasa tuyapime mabango yetu kwa mizani hiyo.

Hukumu na adabu zake

Turudi kwenye swali la kwanza. Hadithi za kuonya juu ya wachora picha ni sahihi, na babu hakuzua. Hofu yake ni ya imani, na mjukuu amshukuru kwa kumtakia akhera njema. Lakini wanavyuoni hawakuzichukua hadithi hizo bila kupambanua. Imepokewa kwamba mtu aliyepata riziki yake kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (r.a.), naye akamwelekeza achore miti na visivyo na roho. Na wanavyuoni wengi wamesema kwamba kiungo peke yake, ambacho hakiwezi kuwa kiumbe hai kikiwa hivyo, hakimo katika makatazo. Moyo ulio karatasini hauna kichwa wala uso, wala hapana amwabuduye. Kwa hivyo binti yetu hana dhambi. Ama picha kamili za watu na wanyama kwa ajili ya masomo na tiba, wako wanavyuoni waliozuia, na wako wengi wa zama hizi walioruhusu kwa haja ya mafunzo, wakikumbuka wanasesere ambao Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiwachezea mbele ya Mtume (s.a.w.). Mwenye kujizuia kwa uchamungu tumheshimu, naye asimchanie mwenzake daftari.

Tena ziko adabu mbili. Ya kwanza ni ukweli. Mwaka 2020 dunia nzima iliona picha ya kirusi cha Korona, tufe la kijivu lenye miiba myekundu, iliyotengenezwa na Alissa Eckert na Dan Higgins wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Umbo lilitokana na elimu, bali rangi zilichaguliwa, kwa sababu kirusi ni kidogo kuliko mawimbi ya nuru na hakina rangi tunayoweza kuiona. Hakuna ubaya, ilimradi watu waambiwe. Vivyo hivyo mama amweleze binti yake kwamba damu ya mwanadamu haiwi buluu hata siku moja. Inayorudi moyoni ni nyekundu iliyoiva, na buluu ya daftarini ni alama tu ya kupambanua.

Ya pili ni stara. Mafunzo ya uzazi na ya kunyonyesha ni ya lazima, lakini bango la mwili wa mwanamke likitundikwa mlangoni, wale linaowahusu watapita wameinamisha macho. Mchoro wa mistari michache, katika chumba cha kina mama, ukielezwa na mwanamke mwenzao, hufika pale ambapo picha iliyo wazi haifiki.

La kufanya majumbani

Dada zetu, watu wasiwaambie kwamba uchoraji ni wa wengine. Mkono uchorao hina na piko kwenye mguu wa bibi harusi bila kutetereka, mkono ushonao vito vya kofia kwa hesabu, mkono huo waweza kuchora mshipa wa damu. Na leso mzivaazo zimekuwa zikisema na mitaa kwa picha na maneno tangu enzi za bibi zetu.

Basi wiki hii kila nyumba ichore karatasi moja ya kutundika jikoni: dawa ya maji ya kuhara. Kama ni pakiti ya ORS, soma kwanza, maana nyingine ni ya lita 1 na nyingine ni ya nusu lita. Ikikosekana pakiti, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Picha ziende juu kwenda chini. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe, na dawa iliyokwisha kuchanganywa isichemshwe. Mtoto akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa, karatasi haitoshi, apelekwe hospitali. Kisha mwite mtu ambaye hajaiona karatasi hiyo, bibi au mtoto wa darasa la chini, umwombe akusomee.

Ama yule dada yetu, tulikwenda naye kumsalimia mzee Ijumaa jioni. Tulizungumza kwa upole, tukanywa kahawa, na binti akaombwa alete daftari. Alimwonyesha babu yake njia ya damu kwa kidole, chumba hadi chumba. Mzee alitazama kwa kitambo, akauliza mapafu yako upande gani. Hakusema kwamba ameridhika, nasi hatukumshurutisha. Binti aliuchora ukurasa upya usiku ule, na hadi Jumatatu asubuhi ulikuwa mzima.

Wallahu a’lam. Wabillahi tawfiq.